Dawa iliyovuka uzio wa shule: kisa cha minyoo Busia

Rejista ya darasa ni kitabu cha heshima, lakini anayepima mradi asiitegemee peke yake. Mwalimu ana watoto sabini mbele yake. Rejista ya saa mbili ataijaza saa nne, na zipo wiki anazozijaza zote Ijumaa jioni kwa mkupuo mmoja. Mtoto aliyeacha shule tangu mwezi wa pili jina lake bado limo, maana kulifuta ni kupunguza idadi, na kwa idadi hiyo ndipo shule hugawiwa vitabu na walimu.

Kwa hiyo mradi wa dawa za minyoo ulipoanza mwaka 1998 katika shule za msingi 75 za tarafa za Budalangi na Funyula, wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya, mahudhurio yalipimwa kwa njia nyingine. Mdadisi alifika shuleni bila kutanguliza taarifa. Aliingia darasani na orodha yake mwenyewe, akaita jina baada ya jina, akaweka alama kwa mtoto aliyemwona kwa macho. Aliyelala nyumbani na homa, aliyekwenda ziwani, na aliyeacha shule kabisa, wote waliandikwa kuwa hawapo. Ziara hizo zilirudiwa kila mwaka, kwenye shule zilizopata dawa na kwenye zile zilizokuwa bado zinasubiri.

Naanza na alama hizo za kalamu kwa sababu mabishano yote yaliyokuja baadaye, yaliyofika hadi majarida ya London na yaliyodumu zaidi ya miaka kumi, yanasimama juu yake. Watu wengi wanaokitaja kisa hiki hutaja matokeo tu: eti dawa ya bei ndogo ilirudisha watoto shuleni. Mimi naona funzo kubwa liko kwingine, yaani katika swali la nani hasa alilinganishwa na nani. Kila tathmini ya mradi wa elimu au wa jamii ina mstari unaotenganisha waliopata na wasiopata. Busia mstari huo ulikuwa uzio wa shule, na minyoo haijui uzio.

Budalangi ni pale Mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria. Mvua ikizidi mto unavunja kingo, na vyoo vya mashimo vinafurika pamoja na mashamba. Watoto wanaoga ziwani na kuchota maji humo. Kabla ya dawa, wanafunzi wa kundi la kwanza walipimwa choo, na asilimia 92 walikutwa na angalau aina moja kati ya safura, minyoo ya mviringo, minyoo mijeledi na kichocho. Asilimia 37 walikuwa na maambukizi ya kiwango cha kati au kizito, yale yanayomlegeza mtoto na kumpunguzia damu.

Shirika lililoendesha mradi, ICS la Uholanzi, likishirikiana na ofisi ya afya ya wilaya, halikuwa na fedha wala watu wa kufikia shule zote kwa mpigo. Wachumi wawili, Michael Kremer, aliyewahi kufundisha shule magharibi mwa Kenya miaka ya 1980, na Edward Miguel, waliutumia upungufu huo. Kwa kuwa lazima wengine wangesubiri, basi anayesubiri asichaguliwe kwa kujuana. Shule zilipangwa kwa kanda, na kwa kuwa zimo au hazimo katika miradi mingine ya shirika, kisha zikaorodheshwa kwa alfabeti na kuhesabiwa moja, mbili, tatu. Kila ya tatu iliingia kundi lake. Kundi la kwanza, shule 25, lilianza kupata dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001.

Hiyo si kura ya kuchomoa vikaratasi kofiani, na wakosoaji hawakuacha kulisema hilo. Hata hivyo ni vigumu kuona jinsi herufi ya kwanza ya jina la shule ingeamua afya ya watoto wake.

Wapo watakaouliza, kwa nini shida yote hiyo? Si wangewapima watoto kabla, wakawapa dawa, wakawapima tena? Jibu lilitoka mbinguni mwaka uleule. Mvua za El Niño zilileta mafuriko, na minyoo ikasambaa kupita kawaida. Mwanzoni mwa 1999, katika shule za kundi la pili ambazo zilikuwa bado hazijapata kidonge hata kimoja, wenye maambukizi ya kati na mazito walikuwa asilimia 52. Katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 27. Aliyeangalia kundi la kwanza peke yake, kabla na baada, angeona kushuka kutoka asilimia 37 hadi 27, akaandika kwenye ripoti kwamba mradi umeleta nafuu ya pointi kumi. Ukweli ni kwamba bila dawa hali ingekuwa mbaya zaidi kuliko mwanzo. Tofauti halisi ilikuwa pointi 25. Ripoti nyingi za miradi ninazozisoma mpaka leo ni za aina hiyo ya kabla na baada, na kila ninapoikuta najiuliza mwaka huo mvua ilinyeshaje.

Hata kulinganisha shule zenye kitu na zisizonacho hakutoshi. Hukohuko Busia na jirani yake Teso, watafiti walichunguza chati kubwa za ukutani za kufundishia. Ukilinganisha shule zilizokuwa nazo kwa juhudi zao na zile zisizokuwa nazo, chati zilionekana kupandisha alama za mtihani vizuri tu. Lakini chati zilipogawiwa kwa nasibu, hakuna kilichopanda. Shule iliyojitafutia chati ilikuwa na mwalimu mkuu mchangamfu na wazazi wanaofuatilia, na hao ndio waliokuwa wakipandisha alama tangu hapo.

Sasa turudi kwenye uzio. Si kila mtoto katika shule ya dawa alimeza dawa. Mwaka wa kwanza, kati ya waliopaswa kupata, asilimia 78 walipata angalau mara moja. Wasichana wa miaka 13 na zaidi waliachwa nje kwa hofu kwamba mmoja wao angeweza kuwa mjamzito na dawa ikamdhuru mtoto tumboni. Na waliokosa shule siku ya dawa walikosa dawa. Hapa mtathmini asiye makini hujikwaa: akilinganisha waliomeza na wasiomeza, atakuwa amelinganisha watoto wanaohudhuria na watoro, kisha atangaze kwamba dawa huleta mahudhurio! Kremer na Miguel walilinganisha shule kwa jinsi zilivyopangiwa, aliyemeza na asiyemeza ndani yake.

Walipofanya hivyo walikuta jambo lililobadilisha utafiti mzima. Katika shule za dawa, hata watoto ambao hawakumeza chochote walikuwa na minyoo michache kuliko wenzao wa shule zinazosubiri. Na shule zinazosubiri zilizokuwa karibu na shule za dawa zilipata nafuu kuliko zilizokuwa mbali. Ukifikiri jinsi mayai ya safura yanavyotoka kwa mtoto mmoja hadi kwenye udongo anaoukanyaga mwingine pekupeku, haishangazi. Dawa moja inasafisha tumbo la Achieno na kupunguza hatari ya nduguye mdogo anayetambaa uani.

Kwa daktari hiyo ni neema. Kwa mtathmini ni mtihani mgumu, kwa sababu kundi lake la kulinganisha limeonja dawa bila kuipewa. Kama watoto wangegawanywa ndani ya darasa moja, huyu apate kidonge na yule asipate, wote wawili wangepata nafuu kidogo, tofauti kati yao ingeonekana ndogo, na dawa ingehukumiwa haifai. Tafiti kadhaa za awali zilikuwa za muundo huo. Busia ilijaribu kuivuka shida hiyo kwa kugawa shule nzima nzima, kisha kuhesabu kila shule ina watoto wangapi wa dawa katika umbali wa kilomita 3 na kilomita 6.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Utoro ulipungua kwa robo katika shule za dawa. Kwa gharama ya vidonge na kuvisambaza, mwaka mmoja wa ziada wa mtoto kuwa shuleni ulikadiriwa kugharimu dola 3.50 hivi, chini sana kuliko njia nyingine za kuvuta watoto shuleni, kama kugawa sare. Lakini alama za mtihani hazikupanda. Hapo pananiuma, na pamewauma wengi: mtoto yuko darasani siku nyingi zaidi, na bado hajajua zaidi. Wapo walioeleza kwamba darasa likijaa mwalimu hugawanyika, na wapo waliokumbusha kwamba vitabu vya kiada vilivyogawiwa Busia miaka miwili kabla ya mradi wa dawa viliwasaidia wale tu waliokuwa tayari wanaongoza, maana viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao. Nawashukuru watafiti kwa kutolificha hilo la mitihani. Mradi unaotangaza mahudhurio peke yake ungeweza kukaa kimya, na wafadhili wasijue.

Kulikuwa na kipande kingine kisichosemwa sana. Pamoja na dawa, walimu walifundishwa kuwahimiza watoto kunawa mikono, kuvaa viatu na kutoingia ziwani. Wadadisi walitazama miguu, walitazama mikono, waliuliza kuhusu kuoga ziwani. Hakuna kilichobadilika. Mtu aliyekaa kando ya lile ziwa hatashangaa. Kumwambia mtoto wa Port Victoria asikanyage maji ni kumwambia asichote, asifue, asivue. Na viatu havipatikani kwa kuhimizwa.

Kisha likaja jambo la mwaka 2001, ambalo kila nikilisoma nalisoma mara mbili. ICS ilitaka mradi ujiendeshe, kama lilivyo neno pendwa la wafadhili. Katika nusu ya shule zilizokuwa zikipata dawa bure, wazazi walitakiwa kuchangia fedha kidogo, kwa familia siyo kwa mtoto. Katika shule za bure, robo tatu ya watoto walimeza dawa. Katika shule za kuchangia, chini ya mtoto mmoja kati ya watano. Jambo la ajabu zaidi: familia zilizokuwa na marafiki wengi katika shule zilizotangulia kupata dawa, yaani zilizokuwa na habari nyingi zaidi, ndizo zilizokuwa na uwezekano mdogo wa kuichukua. Ukitaka kuwalaumu wazazi hao, kumbuka kwamba sehemu kubwa ya faida ya kidonge cha mwanao inakwenda kwa watoto wa jirani, na kwamba kuna watu waliosadiki minyoo ni sehemu ya mwili, husaidia kusaga chakula.

Tulijifunza kitu kikubwa hapo, na kimetumika kutetea huduma za bure mahali pengi. Lakini watoto wengi wa Busia walibaki na minyoo mwaka huo ili tukijue. Kundi la tatu nalo lilisubiri miaka mitatu. Kuhusu kusubiri nakubali hoja kwamba fedha hazikuwepo, na bila utafiti wangesubiri vilevile, pengine milele. Kuhusu ile ada siko na amani hivyo. Anayepanga jaribio la namna hiyo leo aketi kwanza na wazazi wenyewe kwenye baraza, awaambie waziwazi nini kinajaribiwa.

Mwaka 2015 kesi ilifunguliwa upya. Watafiti wa shule ya afya ya London walipewa takwimu zote na programu zote za hesabu, Kremer na Miguel wakizitoa kwa hiari, wakarudia kila kitu. Walikuta makosa. Lililokuwa zito ni la hesabu ya majirani: programu ilihesabu shule chache tu zilizo karibu na kuziacha nyingine zilizokuwa ndani ya kilomita 6. Hesabu iliposahihishwa, nafuu ya jirani ndani ya kilomita 3 ilibaki, ile ya kilomita 3 hadi 6 ikatoweka katika kelele za takwimu, yaani haikuweza kutofautishwa na bahati tu. Nafuu ndani ya shule zenyewe, minyoo kupungua na mahudhurio kupanda, ilisimama.

Wakaenda mbali zaidi, wakazichambua takwimu kwa desturi ya watu wa epidemiolojia, wanaochunguza jinsi magonjwa yanavyoenea, badala ya wachumi. Walitenganisha mwaka 1998 na 1999, na ushahidi ukalegea. Walilalamika kwamba hakukuwa na vidonge bandia, hivyo kila mwalimu alijua shule yake iko kundi gani, na kwamba idadi ya ziara za mdadisi haikuwa sawa kila mahali. Mara tunarudi kwenye zile alama za kalamu darasani. Wachumi wakajibu kwamba kutenganisha miaka ni kuitupa nusu ya ushahidi, na kwamba ukiiunganisha jibu ni lilelile. Wakati huohuo, wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, waliokusanya majaribio mengi ya dunia kwa pamoja, walisema dawa ya minyoo kwa watoto wote bila kuwapima haionyeshi faida kubwa kwa wastani.

Nimesikia watu wakiuliza nani alishinda. Nadhani walikuwa wakijibu maswali mawili. Wastani wa dunia unachanganya Budalangi, penye asilimia 92, na mahali ambapo mtoto mmoja kati ya watano ana minyoo michache isiyomsumbua. Dawa haimsaidii asiye na ugonjwa, kwa hiyo wastani huo lazima uwe mdogo. Anayeamua kwa ajili ya Budalangi ana haki ya kuutazama utafiti wa Budalangi. Anayeamua kwa ajili ya nyanda za juu zenye baridi, asibebe namba za kando ya ziwa akaziweka kule. Kenya yenyewe, ilipoanza dawa kwa shule kitaifa mwaka 2009 na kuipanua kuanzia 2012 hadi kufikia zaidi ya watoto milioni 5 kwa mwaka, haikugawa kila kaunti. Ilifuata ramani ya maambukizi, ikaelekea magharibi, Nyanza na pwani.

Na hili la makosa ya programu nalitetea kwa moyo wangu wote. Lilionekana kwa sababu lilitolewa lionekane. Kuna tathmini ngapi, za wizara na za mashirika makubwa, ambazo takwimu zake zimefungiwa kwenye kompyuta ya mshauri aliyekwisha lipwa na kuondoka? Hizo hazina makosa kwa sababu hakuna aliyewahi kuzifungua.

Wakati mabishano yakiendelea, kundi jingine la wadadisi lilikuwa barabarani. Kuanzia 2003 walianza kuwatafuta waliokuwa wanafunzi, wapatao 7,500, popote walipo. Kazi hiyo haielezeki kwa jedwali. Unafika boma la kwao Samia, unaambiwa yuko Mombasa; namba ya simu ni ya shemeji; shemeji anasema alihamia Uganda. Wakiacha kumtafuta aliyekwenda mbali, watabaki na waliokaa nyumbani, na huenda waliokwenda mbali ndio dawa iliwasaidia zaidi. Hivyo baada ya msako wa kwanza, katika waliokosekana walichagua sehemu kwa nasibu na kuwatafuta hao kwa nguvu zote, kisha kuwapa uzito wa wenzao ambao hawakutafutwa tena.

Miaka 20 baadaye, waliotangulia kupata dawa walikuwa na matumizi ya nyumbani yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 14, na kipato cha saa kilichozidi kwa asilimia 13. Kwa wanawake tofauti ilikuwa ndogo kuliko kwa wanaume. Kumbuka pia waliolinganishwa hapo ni nani: hakuna kundi lililonyimwa dawa moja kwa moja. Ni waliopata mapema dhidi ya waliopata miaka miwili au mitatu baadaye, na katikati yao kuna ule mwaka wa ada. Kuna utafiti mwingine uliowatazama watoto waliokuwa hawajatimiza mwaka mmoja wakati wanafunzi wa shule za kwao wanameza dawa. Hao wenyewe hawakupewa kidonge wakati huo. Miaka kumi baadaye walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili, kiasi cha nusu mwaka wa shule.

Siku hizi wadadisi wanawauliza wale wanafunzi wa zamani habari za watoto wao. Mwaka 2023 watafiti walitoa hesabu kwamba vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilikuwa pungufu kwa asilimia 22 katika familia za waliotangulia kupata dawa. Swali hilo halikuwemo katika mpango wa 1998, na matokeo yaliyotafutwa baada ya miaka 25 yanahitaji kuulizwa kwa ukali uleule uliotumika 2015. Orodha wanayotembea nayo bado ni ileile ya shule 75, zimepangwa kwa alfabeti, moja, mbili, tatu.